Mguu kuvutwa si ushahidi kwamba mbwa anasikia maumivu

"Ukimbana kidole anavuta mguu, kwa hiyo anasikia." Kauli hii husemwa karibu kila mbwa aliyepooza miguu ya nyuma anapoletwa kliniki, tena kwa furaha. Si kweli, na ndiyo inayochelewesha upasuaji.

Kuvuta mguu ni refleksi. Taarifa ya kubanwa hupita neva ya siatiki, neva kubwa ya mguu wa nyuma, hadi kwenye ugwe mgongo (uzi wa neva ulio ndani ya mifupa ya mgongo), sehemu za L6 hadi S1 (T ni kifua, L ni kiuno, S ni sakrali, yaani nyonga), na amri ya kukunja mguu hurudi kutoka hapo hapo. Ubongo hauulizwi. Ugwe ukikatika kabisa usawa wa T12, mguu bado utavutwa, huku mbwa mwenyewe akiendelea kutazama mlango.

Maumivu ya ndani, yale ya mfupa kubanwa, ni jambo jingine: taarifa lazima ifike ubongoni. Kwa hiyo unapopima, tazama kichwa, si mguu. Mlaze ubavu, na msaidizi amshike mabega bila kumfunika macho. Bana kwanza ngozi iliyo kati ya vidole. Akigeuka au akilia, acha, jibu umelipata. Asipofanya hivyo, shika mfupa wa kidole kwa koleo la kubania mishipa ya damu na uongeze nguvu polepole. Kugeuka, kulia, kutaka kung'ata, mboni kupanuka, pumzi kubadilika: hayo ndiyo majibu. Pima kidole cha ndani na cha nje kwa kila mguu, kisha mkia. Kuna mbwa wavumilivu mno, hivyo ukiwa na shaka bana mguu wa mbele kwa nguvu ile ile ulinganishe. Kwenye faili andika refleksi peke yake na maumivu ya ndani peke yake. Kuandika "hisia zipo" tu hakumsaidii atakayempokea mbwa huyo.

Tofauti hii ni kubwa. Diski, mto ulio kati ya mifupa ya mgongo, ikichomoka na maumivu ya ndani yakawa bado yapo, mbwa wengi sana hutembea tena baada ya upasuaji. Yakishapotea, wanaotembea ni kama nusu. Mwenye mbwa aliyetulizwa na mguu unaovutwa hukaa siku nne akimkanda kwa maji moto. Usimkande, tafadhali! Mbebe juu ya ubao, asitembee, mlete leo.

Goti linalorusha mguu kwa nguvu likigongwa nalo husifiwa bure. Refleksi ya goti iliyozidi kwa mbwa aliyepooza huonyesha kwamba jeraha liko mbele ya L4, upande wa kichwa, na udhibiti wa ubongo haufiki tena.

Tena, "uti wa mgongo" tunauita mfupa na tunauita ugwe, na mkanganyiko huanzia hapo. Ugwe ni mfupi kuliko mifupa: kwa mbwa, sehemu zake tatu za sakrali zimelala ndani ya pingili (mfupa mmoja wa mgongo) ya 5 ya kiuno. Ukisema "L5", taja kama ni pingili au ni ugwe.

Kichwa kuinama upande si lazima kuwe na ugonjwa wa ubongo. Mara nyingi ni sikio la ndani. Chungulia sikio kwanza. Akiwa pia amelegea upande mmoja au anakanyagia mgongo wa wayo, hapo shuku shina la ubongo, sehemu inayoungana na ugwe.

Na mbwa mwenye kifafa hamezi ulimi. Usimtie mkono wala kijiko mdomoni. Sogeza vitu vigumu vilivyo karibu naye, tazama saa, na degedege likipita dakika 5 hiyo ni dharura.