Kipindi Kikishatoka Hakirudi: Kutayarisha Podikasti Kuhusu Huduma za VVU Jijini Nairobi

Kurekodi kipindi cha sauti jijini Nairobi hakuhitaji tena studio. Simu ya kawaida, maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola na programu ya kuhariri isiyolipiwa zinatosha, na ndiyo maana leo kuna vikundi vya vijana, vituo vya afya, makanisa na mashirika ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI vinavyojitayarishia podikasti vyenyewe. Makala haya yameandikwa kwa ajili yao. Sisi tunaowashauri watayarishaji wa vipindi vya afya huulizwa kwanza kuhusu vifaa, nasi tutavigusia, lakini jambo linalopaswa kuongoza kazi nzima ni kwamba podikasti hukaa. Redio za mtaani kama Koch FM ya Korogocho, Pamoja FM ya Kibera na Ruben FM ya Mukuru zimezungumzia VVU kwa miaka mingi, na mara nyingi mazungumzo hayo yaliishia hewani siku ileile. Podikasti hupakuliwa, huhifadhiwa kwenye simu na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp, na ikishafika huko, aliyeitayarisha hana njia ya kuirudisha. Anayeisikiliza anaweza kuwa anaisikiliza leo usiku au miaka 5 ijayo, na hana namna ya kujua kilichobadilika katikati.

Wa kwanza kuguswa na jambo hili ni mgeni anayekubali kusimulia maisha yake. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza kutoa habari za matokeo ya kipimo cha mtu bila ridhaa yake ya maandishi, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu hali ya afya kuwa miongoni mwa data nyeti na inampa mhusika haki ya kuiondoa ridhaa yake wakati wowote. Kwa hivyo kauli ya mdomo inayotolewa maikrofoni ikiwa tayari imewashwa haitoshi. Tunashauri fomu ya ridhaa, kwa lugha anayoisoma mgeni bila shida, imfikie siku kadhaa kabla ya kurekodi ili aende nayo nyumbani na kuifikiria, kisha aulizwe tena baada ya kusikiliza kipindi kilichohaririwa, maana mtu husema mengi akiwa katikati ya simulizi kuliko aliyokusudia. Fomu hiyo imweleze waziwazi jambo ambalo watayarishaji wengi huona haya kulitaja: kwamba akibadili nia, kipindi kitaondolewa mahali kilipowekwa, lakini nakala zilizokwisha kupakuliwa haziwezi kukusanywa. Mgeni akilisikia hilo na kurudi nyuma, mtayarishaji amshukuru na amwache aende.

Ridhaa ya mtu mmoja, hata ikiwa kamili, haiwafungi wengine waliomo katika simulizi lake. Mama anayeeleza jinsi alivyopimwa kliniki akiwa mjamzito, kisha akasema kwamba mtoto wake wa pili alipatikana na virusi, ametangaza hali ya mtoto ambaye hakuulizwa na ambaye kwa umri wake hawezi kuulizwa. Mtoto huyo atakua. Siku moja atakuwa darasani Huruma au Umoja, na faili ile bado itakuwepo kwenye simu ya mtu. Hapa msimamo wetu ni mkali: hali ya mtoto isitajwe hata kama mzazi amekubali, na habari za mwenzi zikatwe isipokuwa naye ametia sahihi fomu yake mwenyewe.

Watayarishaji wengi huamini kwamba kubadilisha sauti kwa programu, ikawa nzito au nyembamba, kunamficha mgeni. Hakumfichi vya kutosha. Sauti iliyobadilishwa kwa njia hiyo mara nyingi inaweza kurejeshwa karibu na ilivyokuwa, na hata isiporejeshwa, jirani hamtambui mtu kwa uzito wa sauti pekee. Anamtambua kwa lafudhi, kwa kicheko, kwa neno analolirudiarudia, na zaidi ya yote kwa vipande vya habari ambavyo kila kimoja peke yake hakina neno. Mwanamke anayeuza nguo za mitumba Gikomba si mtu fulani, kwa kuwa wako wengi mno. Akiwa pia ana mapacha, alihamia Kayole baada ya kufiwa na mume, na huenda kliniki Jumanne, basi kwa majirani wa ploti yake ameshatajwa jina. Mhariri apitie maandishi ya mahojiano kwa jicho la jirani, aondoe mtaa, kazi, idadi ya watoto na siku ya kliniki, na pale ambapo usiri ni lazima, maneno ya mgeni yasomwe na mtu mwingine huku msikilizaji akielezwa wazi kwamba ndivyo ilivyofanyika. Rekodi ya awali isikae kwenye simu ya mtangazaji wala isihifadhiwe pamoja na fomu zenye majina.

Usiri wa msikilizaji nao hufikiriwa mara chache sana. Nairobi ni jiji la vyumba vya kupanga ambamo familia nzima hulala, hupika na kusikiliza mahali pamoja, na kipaza sauti cha simu husikika hadi chumba cha pili. Wako watu wanaotumia ARV, yaani dawa za kudhibiti VVU, ambao huweka pamba ndani ya chupa ya vidonge ili isitoe mlio mkobani wakiwa ndani ya matatu, na wengine huhamishia vidonge kwenye karatasi wakaitupa chupa kabla ya kufika nyumbani. Mtayarishaji anayeanza kila kipindi kwa mlio wa vidonge vikitikiswa, akidhani amepata sauti ya kuvutia, anawatoa wasikilizaji hao mafichoni. Vivyo hivyo jina la kipindi: huonekana kwenye skrini ya simu iliyolazwa mezani na kwenye orodha ya vilivyosikilizwa karibuni. Jina la kawaida linalohusu afya au maisha ya mtaani humpa mtu nafasi ya kusikiliza bila kujieleza kwa yeyote.

Kuhusu vifaa, maneno machache yanatosha. Adui mkubwa wa sauti nzuri hapa jijini ni paa la mabati, honi za matatu na jenereta ya jirani, wala maikrofoni ya bei ghali haiyazuii hayo. Rekodi mapema asubuhi, katika chumba chenye nguo na blanketi za kumeza mwangwi, maikrofoni ikiwa umbali wa kiganja kutoka mdomoni, na mvua ikianza, simamisha kazi. Faili iwe ndogo, kwa sababu msikilizaji hulipia bando: kipindi cha dakika 20 kikihifadhiwa kwa sauti ya mkondo mmoja (mono) kwa kilobiti 64 kwa sekunde huwa na takribani megabaiti 10, ilhali kwa kilobiti 128 hufika takribani 19, na kwa mazungumzo ya watu wawili sikio halioni tofauti ya maana.

Jambo la pili linaloathiriwa na ukaaji wa faili ni usahihi wa habari za tiba, na katika VVU habari hizo zimebadilika kwa kasi. Kabla ya mwaka 2016, wengi waliopatikana na virusi nchini Kenya walianzishiwa dawa kwa kutegemea hesabu ya chembe za CD4, ambazo ni chembe za kinga ya mwili zinazoshambuliwa na virusi, na mtu aliweza kuambiwa aende nyumbani akasubiri. Tangu mwaka huo, anayepatikana na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja hesabu hiyo. Kipindi cha zamani kinachoeleza CD4 vizuri kabisa kinaweza leo kumfanya mtu akae nyumbani akidhani zamu yake bado. Mfano wa dolutegravir, mojawapo ya dawa za ARV, unafundisha zaidi. Mei 2018, matokeo ya awali ya utafiti wa Botswana yalizua hofu kwamba dawa hiyo, ikitumiwa wakati mimba inapotungwa, huenda ikaleta kasoro katika ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, na tahadhari zikatolewa kwa wanawake wa umri wa kuzaa. Takwimu zaidi zilipokusanywa, ilionekana kwamba hatari ni ndogo kuliko ilivyohofiwa, na Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa wote, wanawake hao wakiwemo. Waliotangaza tahadhari ile mwaka 2018 walisema kweli kwa wakati wao. Wasioondoa kipindi hicho wala kukitilia maelezo baada ya 2019 waliendelea kuwatisha wanawake bila sababu.

Kwa hiyo mwezi na mwaka wa kurekodiwa utajwe kwa sauti mwanzoni mwa kila kipindi, kwa kuwa maandishi yaliyo chini ya kipindi hayasafiri na faili inayotumwa kwa WhatsApp. Muuguzi, daktari au mfamasia anayehudumu katika kliniki ya VVU apitie kipindi kabla hakijatoka, akikilinganisha na mwongozo unaotumika wakati huo wa NASCOP, mpango wa taifa wa kudhibiti UKIMWI na magonjwa ya zinaa, na kazi hiyo irudiwe kwa vipindi vyote vilivyo hewani angalau mara mbili kwa mwaka. Kilichopitwa na wakati kiondolewe hata kama ndicho kilichosikilizwa zaidi. Tahadhari hiyohiyo inahitajika kwa habari mpya zinazofurahisha. Sindano ya kinga ya lenacapavir, inayodungwa mara 2 kwa mwaka, iliidhinishwa Marekani Juni 2025 na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi uliofuata. Ni habari njema kweli, lakini mtangazaji asimwambie msikilizaji wa Dandora aende kuiomba kituoni kabla ya kuhakikisha kwamba kituo hicho kinaitoa.

Maelekezo ya mahali pa kwenda ndiyo huchakaa haraka kuliko yote. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, baadhi ya kliniki zilizohudumia makundi maalumu, yaani yaliyo katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa, zilifunga milango, na Wizara ya Afya nayo imekuwa ikiunganisha huduma za kliniki za CCC, yaani kliniki maalumu za wanaoishi na VVU, na huduma za wagonjwa wa nje. Kipindi cha mwaka 2024 kilichomwelekeza mtu kwenye mlango fulani huenda leo kinampeleka kwenye kufuli, na mtu aliyejikaza wiki nzima hadi akapata moyo wa kwenda kupimwa, akikuta kufuli, huenda asirudi tena. Suluhisho ni kutenganisha mambo mawili: maarifa yakae ndani ya kipindi kikuu, na majina ya vituo, siku na saa yawekwe katika kipande kifupi cha dakika 1 au 2 kinachorekodiwa upya kila mara hali inapobadilika.

Uhariri wenyewe unaweza kuharibu habari iliyorekodiwa sawasawa. Tuseme muuguzi amesema hivi: mtu anayetumia dawa ipasavyo, na ambaye kipimo kimeonyesha kwamba virusi havionekani katika damu yake, hawezi kumwambukiza mwenzake kwa kujamiiana. Kauli hiyo ina msingi imara. Utafiti wa PARTNER, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016 na 2019, uliwafuatilia wapenzi ambao mmoja wao alikuwa na virusi vilivyodhibitiwa kwa dawa, waliokuwa wakijamiiana bila kondomu, na haukupata ambukizo hata moja lililotoka kwa mwenzi huyo. Sasa mhariri anayetafuta kupunguza sekunde akiyakata maneno mawili, "kwa kujamiiana", mama anayenyonyesha atasikia kwamba hahitaji tena kumpa mtoto dawa ya kinga, jambo ambalo si kweli, kwa sababu katika kunyonyesha hatari hupungua sana lakini haiishi kabisa. Sentensi za namna hii ziwekewe alama kwenye maandishi ili zisikatwe bila idhini ya mtaalamu aliyezisema.

Kipindi kikitoka, ujumbe utaanza kuingia, na wengi wanaoandika huandika usiku. Atakuwepo ambaye kondomu imepasuka Ijumaa au ambaye amebakwa Jumamosi, na dawa za PEP, yaani za kuzuia maambukizi baada ya mtu kukabiliwa na hatari ya VVU, zinazotumiwa kwa siku 28, zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, nazo hufaa zaidi kadiri zinavyoanzwa mapema. Kikundi kinachosoma ujumbe wake Jumatatu mchana kitakuwa kimemchelewesha mtu huyo kwa kumfanya asubiri. Kabla ya kutoa kipindi cha kwanza, amueni ni nani atakayeishika simu ya kikundi kila wikendi, na wekeni jibu la kujituma lenyewe linalosema kwa Kiswahili rahisi: usingoje majibu yetu, nenda sasa hivi kwenye sehemu ya dharura ya hospitali ya umma iliyo karibu nawe, waambie unahitaji PEP, na kama umeshambuliwa, usioge wala kufua nguo ulizovaa kabla ya kuhudumiwa.