Je, wajua kadi ya waifai ya laptopu, kile kipande kinachoshika mtandao, inayosemekana imekufa huenda haijafa?

Ilikuwa mwezi wa Julai hapa Lamu, kusi imekaza na boti za Mokowe, gati ya upande wa bara, zinavuka zikirusha maji. Nilikuwa naandaa ripoti za wanafunzi. Nikafungua laptopu asubuhi, na ile alama ya waifai pembeni mwa kioo haikuwepo. Mtandao wenyewe ulikuwepo, kwa maana simu yangu ilikuwa imeushika vizuri, na laptopu ya mwenzangu pia. Yangu ndiyo haikuona kitu, hata ruta iliyokuwa juu ya kabati, hatua tatu kutoka nilipoketi. Laptopu hiyo ilikuwa na umri wa miezi kumi, na waranti yake ni ya mwaka mmoja.

Nikapiga simu ya huduma. Siku nne nilielekezwa kuzima na kuwasha, kufuta draiva, ile programu inayoiendesha kadi, na kuiweka tena, na mwisho kufuta kila kitu na kuingiza mfumo mpya. Kila nilipoeleza kwamba Bluetooth inafanya kazi, nilijibiwa kuwa basi kadi ni nzima, tatizo ni programu. Hatimaye wakasema niitume. Kwa mtu wa Lamu, kutuma laptopu ni safari: boti hadi Mokowe, basi la Mombasa kupitia Witu na Garsen, kisha mtu wa kuipokea huko na kuifikisha. Baada ya wiki tatu ikarudi vilevile, na karatasi yenye sentensi moja: kuna kutu ndani, waranti haihusiki.

Nikaipeleka mtaa wa Langoni, hapa mjini, kwa kijana niliyewahi kumfundisha, ambaye sasa ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta. Akafungua kifuniko cha chini, akachomoa betri, akaelekeza taa na kuinama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akasema: "Mwalimu, kadi hini haiyafa. Imeliwa ni munyu tu."

Munyu, kwa Kiamu, ndiyo chumvi. Nusu saa baadaye waifai ilikuwa imerudi.

Tangu siku hiyo nimelifuatilia jambo hili, kwa sababu naona watu wengi hapa wakinunua laptopu nyingine kwa kosa la kipande kisichozidi ukubwa wa stempu ya posta.

Kipande chenyewe, katika laptopu nyingi za miaka hii, ni kibao cha milimita 22 kwa 30. Kimekaa kwenye soketi ya madabodi, ule ubao mkuu wa laptopu, kimebanwa na skrubu moja. Upande mmoja kina meno ya rangi ya dhahabu yanayoingia kwenye soketi. Upande wa pili kuna vitufe viwili vya duara, vidogo kuliko punje ya mtama, ambavyo hushikwa na nyaya mbili nyembamba, kwa kawaida moja nyeusi na moja nyeupe. Hizo ndizo nyaya za antena, na antena zenyewe mara nyingi haziko hapo. Nyaya hupita kwenye bawaba, zikapanda hadi pembeni mwa kioo. Kwa hivyo kila unapofungua na kufunga laptopu unazikunja kidogo. Ukiona waifai inashika kioo kikiwa kimelala nyuma, na inakatika ukikisimamisha, anza kuutilia shaka waya wa bawaba kabla ya kuilaumu kadi.

Sasa rudi kwenye meno. Kati ya jino moja na la pili pana nusu milimita tu. Dhahabu unayoiona ni ngozi nyembamba sana, chini yake kuna nikeli, na chini ya nikeli kuna shaba. Dhahabu haishiki kutu, lakini ngozi hiyo ina vitundu visivyoonekana kwa macho, na chumvi haihitaji mlango mkubwa.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Wimbi linapovunjika, matone madogo hurushwa hewani, maji yakakauka, chumvi ikabaki ikielea na upepo. Laptopu nayo ina feni inayovuta hewa ya nje ili ipooze moyo wake. Kila saa unayofanya kazi karibu na dirisha la upande wa bahari, feni inakusanya vumbi la chumvi na kulilaza humo ndani. Likiwa kavu halina madhara makubwa. Balaa huanza linapolowa, na kulowa kwake hakuhitaji mtu amwage chai. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa hadi ikayeyuka yenyewe pindi unyevu unapofika asilimia 75 hivi, kiwango ambacho usiku wa Pwani hukipita mara kwa mara. Chumvi ya bahari ina pia chumvi nyingine ndani yake, kloridi ya magnesiamu, na hiyo huanza kulowa kwenye asilimia 33 tu. Ndiyo sababu kibakuli cha chumvi jikoni kwetu hushikana mabonge bila ya kuguswa na maji. Hali ileile iko ndani ya laptopu, ila humo kuna umeme. Tone la maji ya chumvi lililokaa kati ya meno mawili yenye umeme hula chuma kwa kasi, na hubakisha unga mweupe au wa kijani. Unga huo ndio uliokaa kwenye kadi yangu.

Kuhusu Bluetooth, ambayo ilimfanya yule wa simu aapie kwamba kadi ni nzima, kuna jambo linalofaa kujulikana na kila mtu. Kadi ni moja, lakini kwa kadi nyingi za aina hii njia ni mbili: Bluetooth hupita kwenye meno ya USB, na waifai hupita kwenye meno ya PCIe, njia nyingine ya data ndani ya kompyuta. Tena meno hayo hayakai pamoja. Kwenye ukingo wa kadi kuna pengo lililokatwa ili isiingizwe kinyume, na meno ya USB yako upande mmoja wa pengo, ya PCIe upande mwingine. Kwa hivyo munyu ukila upande mmoja tu, Bluetooth itaendelea kuimba nyimbo kwenye spika yako na waifai itakuwa haipo. Fundi wangu alinionyesha kwa ncha ya bisibisi: upande huu unang'aa, upande huu umefifia kama sarafu ya zamani.

Kabla ya kufungua chochote, fanya haya. Kwanza, zima kweli. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, laptopu nyingi zikizimwa hazizimiki kikamilifu; huhifadhi sehemu ya kumbukumbu ili ziwake haraka, na kadi iliyokwama huamka ikiwa imekwama vilevile. Chagua kuwasha upya badala ya kuzima. Ikishindikana, zima, chomoa chaja, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki umalizike. Nimeona kadi zikirudi kwa hilo peke yake. Pili, kama unaweza kupata flashi yenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, iwashe laptopu kwa flashi hiyo bila ya kugusa mafaili yako. Waifai ikishika huko, kadi ni nzima na lawama ni ya draiva. Isipoonekana kabisa hata huko, tatizo liko kwenye kadi, soketi au madabodi. Jaribio hili lingeniokoa siku nne za simu, na pia mafaili niliyoyafuta kwa kuagizwa.

Tatu, usiichanganye kadi mbovu na ukuta. Nyumba zetu za mawe zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta nene karibu dhiraa moja, na mawimbi ya waifai ya gigahezi 5 huchoka haraka yakikutana nazo kuliko yale ya 2.4. Kama laptopu inashika mtandao ukiwa umekaa ubavuni mwa ruta tu na inaupoteza ukivuka mlango, linganisha na simu yako mahali palepale. Simu ikishika vizuri, huenda waya wa antena umechomoka, kwa maana kadi isiyo na antena bado inaweza kuiona ruta iliyo karibu sana.

Waranti ikiwa bado hai, usifungue kwanza. Andika, usiishie kupiga simu. Omba sababu ya kukataliwa kwa maandishi na picha ya sehemu wanayosema imeharibika, na kabla ya kuituma piga picha zako na nakili mafaili yako mahali pengine. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na iko Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na si lazima uwe na wakili. Lakini niseme ninavyoona: waranti nyingi hutaja kutu waziwazi kama jambo lisilolipiwa, na kumkimbiza mtu Mombasa kwa kadi ndogo hivi kunaweza kukugharimu zaidi ya kadi yenyewe. Linaloniuma mimi ni kwamba bidhaa inauzwa Pwani, kwa mtu wa Pwani, kwa masharti yanayoihesabu hewa ya Pwani kuwa kosa la mnunuzi.

Waranti ikikukataa, basi kazi ya mkono ni hii. Zima, chomoa chaja, fungua kifuniko na uchomoe betri kabla ya kugusa kitu kingine. Gusa chuma kwanza ili umeme uliomo mwilini mwako uondoke. Piga picha ya nyaya: nyeusi iko wapi, nyeupe iko wapi. Nyaya zichomolewe kwa kuinuliwa wima, taratibu, zisivutwe kwa pembeni, kwani vitufe vya aina hii havikutengenezwa kwa kuchomolewa mara nyingi. Baadhi hupewa umri wa mara 30 tu. Toa skrubu, na kadi itainuka yenyewe kidogo. Ivute kwa mshazari huohuo. Safisha meno kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha soketi kwa brashi laini iliyotiwa alkoholi hiyohiyo. Maji hapana, ndimu hapana, siki hapana. Watu husugua kwa kifutio cha penseli, na kweli hung'arisha, lakini kinachotoka na uchafu ni ile ngozi ya dhahabu, na mwakani kutu itarudi na nguvu zaidi. Acha ikauke vizuri. Kurudisha vitufe ndiyo sehemu ya kutaka subira: weka kichwa cha waya juu ya kitufe sawasawa, bonyeza kwa ncha ya kidole, na usiongeze nguvu mpaka uhisi kimekaa. Ukisikia kale kamlio, umefika.

Ikiwa kweli imekufa, uliza kabla ya kununua. Baadhi ya kadi za Intel, kama AX201, zinategemea sehemu ya kazi iliyomo ndani ya prosesa ya Intel, yaani ubongo wa laptopu, na hazitafanya kazi kwenye laptopu isiyo na sehemu hiyo. AX200 na AX210 ni kadi kamili na hukubalika kwenye laptopu nyingi zenye soketi ya namna hii. Laptopu nyingine, hasa za zamani, zina orodha ya kadi zinazozikubali na hukataa kuwaka ukiweka isiyomo. Na nyingine, hasa zile nyembamba, kadi imechomelewa kabisa kwenye madabodi. Hapo usihangaike na bisibisi.

Kwa wenye laptopu kama hizo, na kwa yeyote mwenye haraka, iko waifai ya kuchomeka kwenye tundu la USB. Ni rahisi na inafaa. Jihadhari na jambo moja: USB 3, ile ya kasi zaidi, hutoa kelele inayoangukia kwenye gigahezi 2.4, kwa hiyo ukiichomeka ubavuni mwa diski ya nje utaona mtandao unasinzia. Itumie kwa waya mfupi wa kurefushia, au kwenye tundu la USB 2.

Siku hizi laptopu yangu haikai tena kwenye dirisha la bahari. Usiku inalala ndani ya mkoba uliofungwa pamoja na vifuko vitatu vya silika ya kunyonya unyevu, vile vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, na kila mwezi navikausha upya. Hata wakati wa likizo naiwasha kila baada ya siku mbili tatu, joto lake lifukuze unyevu. Chini ya kifuniko fundi alibandika kipande cha selotepu na kuandika tarehe aliyoisafisha. Kusi ijayo ikikaribia, nitaipeleka Langoni aifungue tena tuangalie ule upande uliofifia.