Mfanyakazi Akiiba, Mshahara Wake Haugeuki Kuwa Wako

Miongoni mwetu wenye biashara ndogo jijini Mwanza, kuanzia Mwaloni Kirumba hadi Buhongwa, imekaa dhana kwamba mfanyakazi akituhumiwa kuiba, tajiri ana haki ya kuzuia mshahara wake wote na kumtimua siku hiyohiyo. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu makato ya kufidia hasara pale tu mfanyakazi anapokubali kwa maandishi, baada ya kuelezwa, pia kwa maandishi, chanzo cha hasara, kiasi chake na jinsi kilivyokokotolewa, na kupewa nafasi ya kupinga. Tena makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake.

Nilijifunza hayo kwa uchungu. Magunia mawili ya dagaa yalipokosekana stoo, nilimfukuza kijana niliyemlea kama mdogo wangu bila kumsikiliza, ilhali daftari la mzigo lilikuwa na kurasa nilizoziacha wazi mimi mwenyewe. Aliponifikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya zile siku 30 anazopewa aliyeachishwa kazi, sikuwa na cha kuonyesha zaidi ya hasira. Wizi ni sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, lakini ni lazima kwanza aelezwe tuhuma na apewe nafasi ya kujitetea.

Siku hizi magunia tunayahesabu pamoja kila jioni, mimi na aliyepo zamu, na wote wawili tunatia saini, hata awe mtoto wa shangazi.