Mikwaruzo ya maikrofoni ya kifuani huanzia kwenye kebo, si hewani

Wiki hii nimeletewa tena rekodi ya mahojiano iliyojaa mikwaruzo, pamoja na maelezo ambayo sasa nayajua kwa moyo: transmita (kisanduku cha kiunoni kinachorusha hewani sauti ya maikrofoni) imebadilishwa masafa ya mawimbi mara kadhaa, risiva (kifaa kinachoipokea) imesogezwa, simu zote zimezimwa, na mikwaruzo haijaondoka. Aliyeileta aliomba nimtafutie masafa yaliyo wazi. Nilisikiliza kwa sekunde 20 tu, kisha nikamwomba anirudie na maikrofoni yenyewe na koti alilovaa mzungumzaji, kwa sababu kila mkwaruzo ulitokea mzungumzaji alipovuta pumzi au alipogeuza kiwiliwili.

Imani kwamba kila kelele ya mfumo usio na waya ni mwingiliano wa mawimbi inanikera, kwa maana humfanya mtu apoteze saa nzima akitibu mahali pasipo na ugonjwa. Mwingiliano una sauti yake. Katika mfumo wa analogia unaotumia FM, mapokezi yakidhoofika husikika mvumo kama wa mvuke unaotoka kwa nguvu, hufuata mipasuko mifupi, kisha kimya pale risiva inapoifunga sauti. Katika mfumo wa dijitali, ikiwemo mifumo midogo ya gigahezi 2.4, data ikipotea sauti hukatika, silabi ikamezwa au neno likakosa mwisho. Simu ya GSM iliyo karibu na kebo huleta mlio wa kukatakata wenye msingi wa hezi 217, na aliyewahi kuusikia hawezi kuuchanganya na kitambaa. Lakini mchakacho kama wa majani makavu, mshindo mzito mtu anapopiga hatua, na mpasuko unaotokea plagi inapoguswa, vyote vimeingia katika sauti kabla ya kufika kwenye antena, nayo transmita huvirusha kwa uaminifu ule ule inaorusha maneno.

Kipimo cha haraka ni kutazama mita zote mbili za risiva kwa pamoja. Ikiwa mita ya sauti inaruka huku mita ya mapokezi ikiwa imetulia, acha kugusa masafa.

Hata hivyo, wanaolaumu mawimbi wana hoja moja yenye uzito, nayo inastahili kujibiwa kwa kirefu. Wanasema kelele hutokea mtu anaposogea, na mtu anaposogea mapokezi nayo hubadilika. Hiyo ni kweli, kwa sababu mwili hunyonya mawimbi, na mtu akigeuka hata akawa yeye mwenyewe kati ya transmita na risiva, mapokezi hushuka. Isitoshe, kebo ya maikrofoni haibebi sauti peke yake. Katika transmita nyingi za kiunoni, nyuzi za kinga zilizomo ndani ya kebo hufanya kazi ya nusu ya pili ya antena, kwa hiyo nyuzi hizo zikikatika karibu na plagi zinaweza kuleta mpasuko katika sauti na wakati huo huo kupunguza umbali wa mapokezi. Ndiyo sababu siruhusu kebo ya ziada izungushwe kwenye transmita pamoja na antena yake. Mawimbi ya transmita yenyewe huingia kwenye kebo, hufika kwenye transista iliyo ndani ya kapsuli ya elektreti, yaani kichwa cha maikrofoni kinachonasa sauti, na transista ikayageuza kuwa mvumo unaosikika. Watengenezaji huweka kapasita ndogo za kuyazuia, nazo husaidia, ila haziwezi kumlinda mtu aliyefunga kebo na antena katika fundo moja.

Kwa sababu hiyo hiyo, jaribio linalopendwa na wengi, la kuchomoa maikrofoni na kusikiliza kama kelele imekwisha, halinitoshelezi. Ukichomoa kebo umeondoa maikrofoni pamoja na nusu ya antena, kwa hivyo ukimya unaoupata unaweza kuwa na maelezo mawili. Ninachofanya ni kuondoa transmita na risiva kabisa: maikrofoni ile ile naichomeka kwenye kinasa chenye kutoa umeme wa kuiendesha, baada ya kuhakikisha kwamba mpangilio wa plagi unapatana, kisha mtu yule yule anavaa nguo ile ile na kutembea. Kelele ikisikika hapo, mawimbi hayahusiki.

Hapo ndipo kazi halisi inapoanza, nayo hufanywa kwa vidole na hedifoni. Vua maikrofoni, acha kapsuli ining'inie bila kugusa kitu, kisha kwaruza kebo kwa ukucha. Utasikia kelele kubwa, na ninaomba mtu asiitupe maikrofoni kwa ajili hiyo, maana hata iliyo nzima kabisa hufanya vivyo hivyo. Kebo hubeba mtetemo hadi kwenye kapsuli kama uzi wa simu ya makopo ya watoto. Sasa ibane kebo kwa vidole viwili, sentimita chache chini ya kapsuli, ukwaruze tena chini ya vidole. Kelele ikififia, umethibitisha kwamba tatizo ni mtetemo unaosafiri, na dawa yake ni kuweka mahali pa vidole vyako kitu kitakachobaki pale: kitanzi kidogo cha kebo karibu na kapsuli, kilichoshikwa na klipu au plasta, kisha kipande kingine cha plasta kiunoni, na kebo iliyolegea katikati. Kitanzi kisikazwe kikawa fundo, kwa sababu nyuzi za ndani ni nyembamba mno.

Wapo watakaosema kichujio cha sauti nzito kinatosha. Kikiwekwa kwenye hezi 80 au 100 hupunguza mshindo wa hatua, lakini kitambaa kinachosugua kapsuli hutoa kelele inayopanda hadi maelfu ya hezi, mahali pale pale zilipo konsonanti, na hakuna kichujio kitakachoiondoa bila kuyaharibu maneno. Kitambaa hutulizwa kwa kukibandika, kisisogee juu ya kapsuli.

Sasa kunja kebo taratibu shingoni mwa plagi, kisha shingoni mwa kapsuli, bila kuisugua. Mpasuko ukisikika, au sauti ikipotea na kurudi, nyuzi zimekatika. Upande wa plagi naukata sentimita 5 na kuunga plagi upya kwa risasi. Upande wa kapsuli mara nyingi haurekebishiki. Plagi iliyoingia jasho husafishwa kwa spiriti na kuachwa ikauke.

Vitabu huongeza chanzo kingine, yaani umeme unaozaliwa na msuguano kati ya kihami (ganda lisilopitisha umeme) na nyuzi za kinga kebo inapokunjika. Nakubali kwamba upo, lakini kazini sijaweza kuutenganisha kwa uhakika na mtetemo wa kawaida, kwa sababu kitanzi na plasta huituliza kebo nzima, na vyote viwili hupungua kwa pamoja. Vivyo hivyo, mara nyingi nimemvisha mtu upya, kelele ikaisha, nami nisiweze kusema ni badiliko lipi kati ya niliyoyafanya lililoiondoa.

Maikrofoni ya rekodi ile ilikuwa nzima. Kebo yake ilikuwa imenyooshwa kutoka kolani hadi kiunoni bila kitanzi, kwa hiyo kila pumzi iliivuta. Tulipoilegeza, mishindo iliisha. Mchakacho mdogo uliosalia tuliufuata hadi kwenye bitana ya koti, tukakunja plasta kuwa pembetatu yenye gundi nje na kuibandika kati ya bitana na shati, kapsuli ikiwa pembeni yake. Masafa hatukuyagusa.