Fukwe za Karibi: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba ufukwe wowote wa Karibi unafaa kuogelea. Sivyo. Kinachoamua ni upande. Upepo wa mashariki huvuma huko karibu mwaka mzima, kwa hiyo kisiwa huwa na upande wa joshini, unaopigwa na mawimbi ya Atlantiki, na upande wa demani, uliokingwa. Chukua Barbados. Magharibi, kule Holetown, maji yametulia kama ya kwenye beseni. Vuka kisiwa hadi Bathsheba, mwendo usiofika saa moja kwa gari, ukute mawimbi yanapasukia kwenye majabali na mkondo unaovuta kwa nguvu. Hapo huingia wateleza mawimbi. Wengine hujilowesha kwenye vidimbwi vya miambani.

Upande huohuo wa mashariki ndio hupokea zaidi sagasamu, mwani wa kahawia unaoelea, ambao tangu 2011 umekuwa ukija kwa wingi miaka mingi. Ukirundikana na kuoza, hunuka mayai viza. Kabla ya kulipia hoteli, tazama kwenye ramani inaelekea wapi. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko nyota zake.

Aliyezoea Paje au Diani atashangaa pia kwamba bahari haiendi mbali. Kwetu, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka mita tatu hadi nne. Sehemu nyingi za Karibi tofauti haifiki hata mita moja. Hakuna kusubiri maji yajae.

“Kila kisiwa kina mchanga mweupe.” Kisiwa kiitwacho Saba ni mlima wa volkano uliochomoza baharini, hakina ufukwe wa kudumu: mchanga wa Wells Bay huja na kuondoka kwa majira. Montserrat sehemu kubwa ya mchanga wake ni mweusi. Dominica watu hufuata mito na maporomoko.

Wapo wanaoamini visiwa vidogo ni vya wenye mashua zao. Lakini kutoka Kingstown, mji mkuu wa Saint Vincent, feri hufika Bequia kwa takriban saa moja, na abiria wengi ni wenyeji na mizigo yao. Kusini zaidi kuna Tobago Cays, visiwa vitano visivyokaliwa na watu, ndani ya hifadhi ya bahari. Huko huendi kwa feri. Boti za matembezi huondoka Bequia na Union Island. Karibu na Baradal, kimojawapo cha visiwa hivyo, kasa hula nyasi za baharini kwenye maji ya kina kifupi, nawe unaelea juu yao na miwani yako ya kuzamia. Usiwaguse.

Kuhusu vimbunga, msimu ni Juni hadi Novemba, na hatari kubwa ni kati ya Agosti na Oktoba. Ila kusema kusini kote ni salama ni kujidanganya: Ivan iliivuruga Grenada mwaka 2004, na Beryl ikapiga Carriacou, kisiwa cha Grenada hiyohiyo, tarehe 1 Julai 2024, mapema kabisa. Aruba, Bonaire na Curaçao, karibu na Venezuela, ndizo hupigwa kwa nadra.

“Kivuli ni kivuli.” Fukwe nyingi zina mti uitwao manchineel, wenye vitunda vya kijani vinavyofanana na tofaa dogo. Ni sumu, na utomvu wake huunguza ngozi hadi malengelenge. Mvua ikinyesha usijikinge chini yake, maana matone hushuka na utomvu huo. Mara nyingi shina hupakwa alama nyekundu.

Mwisho, viza. Martinique na Guadeloupe ni Ufaransa na hutumia yuro, lakini haziko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya kawaida ya Schengen haikuingizi moja kwa moja. Na ukipitia Marekani, Mtanzania au Mkenya anahitaji viza ya huko hata kama anabadilisha ndege tu, kwa hiyo panga njia kwanza, ndipo uchague kisiwa.