Uswisi, saa ndiyo inayokula posho yako

Kazi yangu ni kupanga safari za vikundi, na kila kikundi kinachokwenda Geneva au Zürich huniuliza swali lile lile: kwa posho hii tutakula nini? Si swali la kipuuzi. Sahani ya kawaida mgahawani ni faranga 25 hadi 35, hata maji hujaagiza. Ila wengi niliowaona wakiishiwa, bei waliijua tangu nyumbani. Kilichowaumiza ni saa za kununua na kula.

Jumapili maduka hufungwa karibu nchi nzima, isipokuwa ya stesheni za treni na viwanja vya ndege. Mimi mwenyewe, na utaalamu wangu wote, niliwahi kuwafikisha watu 11 Lausanne Jumapili usiku bila kulifikiria hilo. Tukaingia mgahawa wa kwanza wenye taa. Bili ile ilimeza bajeti ya siku mbili. Siku hizi chakula cha Jumapili tunakinunua Jumamosi mchana, maana jioni mengi huwahi kufunga.

Siku za kazi, ukitaka kukaa mezani uhudumiwe, kaa mchana. Ulizia menyu ya siku: upande wa Kijerumani huitwa Tagesmenü, upande wa Kifaransa plat du jour. Usiku mgahawa huohuo bei hupanda. Badala yake, saa moja hivi kabla ya kufunga, pita supamaketi za Migros au Coop utafute stika za punguzo la 25% au 50% kwenye mikate, saladi na nyama. Usione haya, Waswisi wenyewe unawakuta pale wakizigombea.

Maji usinunue. Zürich ina chemchemi za mtaani zaidi ya 1,200, na maji yake yanakunywika. Jaza chupa, ila uepuke palipoandikwa Kein Trinkwasser, au eau non potable, yaani maji si ya kunywa.

Na kwa waliofikia penye jiko, tafuteni polenta kwenye rafu ya nafaka. Ni unga wa mahindi ya njano, chakula cha watu wa Ticino, jimbo la Uswisi la Kiitaliano, tangu zamani. Iliyoandikwa Bramata achana nayo, ina chenga. Chukua iliyosagwa laini, usonge kama kawaida. Mzee mmoja wa kikundi changu aliumega, akautazama, akachovya kwenye mchuzi. "Rangi tu," akasema, akavuta sahani karibu.