Nipa Bega

Basi za Mombasa na Malindi huwafikisha watu kwenye gati ya Mokowe, upande wa bara, wakiwa hoi. Wamepita Garsen, wamepita Witu, miguu imevimba, watoto wamelala mabegani, na kilichobaki ni kipande kifupi cha maji kabla ya kuingia Amu, yaani Lamu. Hapo ndipo wanaponikuta mimi. Huu ni mwaka wa 19 navusha abiria kwa boti ya mashine, na nimewafunza mabaharia saba ambao leo wana boti zao. Watu hudhani nawafunza kushika usukani. Usukani kijana wa Amu huujua tangu utoto. Jambo ninalokaa nalo muda mrefu zaidi ni ile hatua moja ya abiria kutoka kwenye ngazi hadi ndani ya boti: nani amshike nani, na wapi.

Gati haisogei, boti haitulii. Ukikanyaga ukingo, boti huinama upande wako kisha hurudi nyuma, na wewe umebaki mguu mmoja juu ya jiwe, mwingine juu ya ubao, na katikati maji yanazidi kupanuka. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita 3. Gati ile ile uliyoivuka alfajiri kama kizingiti cha mlango, ikikaribia adhuhuri unaiteremka kwa ngazi zilizoota mwani, huku umebeba mtoto na kikapu. Wachache sana huvuka hapo bila msaada wowote.

Baharia kijana jambo la kwanza atakalofanya ni kunyoosha mkono. Kwa mwanamume mwenzake hakuna neno. Lakini abiria wetu wengi ni wanawake wa Kiislamu, na wengi wao hawampi mkono mwanamume asiye maharimu wao. Hawafanyi hivyo kwa kiburi wala kwa kumchukia mtu. Ni dini yao na stara yao, wamelelewa nayo. Basi ukimnyooshea mkono pale ngazini, watu wote wanatazama, umemtia mtegoni. Akiupokea, amevunja jambo lake. Akiukataa, ataonekana hana shukrani, na bado hajapata pa kujishikia. Wengine huamua kuruka tu, liwalo na liwe, na hapo ndipo mtu huvunjika mguu.

Mwaka wangu wa pili nilimshika mtu. Alikuwa msichana, nadhani mwanafunzi anayerudi likizo, na wimbi liliinua boti akiwa amenyanyua mguu. Sikusema neno, nilimdaka kifundo cha mkono. Alishtuka akajivuta, nami nikayumba, begi lake likaingia baharini na vitabu vyake vyote. Yakaja maneno ya wanaume waliokwisha kukaa, na waliyemgombeza ni yeye. “Wasaidiwa wakataa!” Alikaa safari nzima amejifunika uso kwa mtandio. Nilipaswa kusema pale pale, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, kwamba kosa ni langu. Nilinyamaza. Jambo hilo halijanitoka moyoni, na ndilo linalonifanya niandike haya.

Aliyenionyesha njia ni bibi mmoja, siku niliyopeleka watu kisiwa cha Pate. Niliinua mkono kwa mazoea, akanitazama, akasema kwa lahaja ya kwao, “Usinishike, mwanangu. Nipa bega.” Nikachutama ndani ya boti, nikamgeuzia mgongo. Akaweka kiganja chake juu ya shati langu, begani, akashuka taratibu kama anayeshuka ngazi za nyumba yake.

Nimelifikiria bega lile miaka mingi, na kila nikilifikiria naona lilikuwa na hekima mara mbili. Kwanza ya kibaharia. Mkono unaovuta humtoa mtu kwenye uzani wake. Unapomvuta wewe, yeye hajui utamvuta kwa nguvu gani wala utamwachia lini. Bega limetulia kama nguzo. Anayeshuka ndiye anayeamua aegemee kiasi gani na aondoe kiganja wakati gani. Hata mwanamume aliye mzima hushuka vizuri zaidi kwa bega kuliko kwa kuvutwa. Pili ni ya heshima. Kiganja kimegusa nguo. Mimi nimempa mgongo, macho yangu yako kwenye maji, kwa hiyo buibui likiinuka hatua inapopanuliwa, hakuna uso wa mwanamume chini yake. Tangu siku ile nawaambia mabaharia wangu: usimshike mtu, mpe pa kushika. Kama bega halimfai, iko kamba niliyoifunga kwenye nguzo ya turubai yenye mafundo matatu, na uko mpini wa kasia.

Kabla ya bega huja sauti. Vijana wengi huuliza, “Mama, usaidiwe?” Swali hilo jibu lake ni moja tu: “La, niko sawa.” Nani atakubali mbele ya watu kwamba hajiwezi? Mimi husema, “Mama, bega au kamba?” Hapo simuulizi kama anaweza, namuuliza apendavyo, na karibu wote hujibu. Akisema hataki chochote, namwamini. Wanawake wa Kizingitini na Faza, huko Pate, wamezaliwa na kukulia majini, wanashuka na ndoo kichwani vizuri kuliko mimi ninavyoshuka mikono mitupu, na kumng’ang’aniza mtu kama huyo msaada ni kumdharau. Nasogea tu karibu, nashikilia boti isiachane na gati. Huo nao ni msaada, na haumgusi mtu.

Jina unalomwitia lina uzito wake pia. Bibi kwa mzee, mama kwa aliyekwisha kuwa mtu mzima, dada kwa wa rika langu na walio chini. Baharia anayemwita abiria “mrembo” hafanyi kazi kwangu. Mwanamke aliyeitwa hivyo hataligusa bega lako tena, hata akiwa anateleza.

Lipo jambo ambalo bado hunigusa kila ninapoliona. Mama yule yule asiyenipa mkono hunipa mtoto. Ananinyooshea kitoto cha miezi minne, mimi mtu asiyemjua, juu ya maji, bila kusita, na ndani ya basi ni hivyo hivyo: “Nishikie huyu.” Mara nyingine nafikiri hakuna amana kubwa kuliko hiyo katika safari zetu. Kumpokea mtoto nako kuna namna yake. Nampokea kwa mikono miwili, chini ya makwapa na chini ya makalio, naye mama namwambia, “Nimempata,” na hawezi kumwachia kabla ya kusikia neno hilo. Kisha sibaki naye mimi. Nampa mwanamke aliyekwisha kukaa, aliye karibu, ili mama akishuka amkute mtoto wake kwenye mapaja ya mwanamke mwenzake, nami mikono yangu iwe huru.

Jaketi la kuokolea ndilo tatizo kubwa zaidi, na hata baadhi ya manahodha wazee hulikwepa. Sheria inataka kila abiria alivae. Lakini jaketi limefungwa kifuani, na mwanamume hawezi kumfunga mwanamke asiye wake kifuani. Basi kinachotokea ni kwamba kijana anagawa majaketi, wanaume wanafunga, wanawake wanayaweka mapajani au wanayatia shingoni bila kufunga, na hakuna anayesema neno kwa sababu ya kuona haya. Jaketi lisilofungwa, mtu akiingia majini, hupanda juu na kumziba uso. Haya yangu na haya yake zingemwua.

Ninachofanya ni hiki. Nasimama mbele yao, nachukua jaketi, nalivaa polepole, natia kifungo mpaka kisikike kinalia, navuta mkanda. Nawaambia ncha za mtandio ziingie ndani ya jaketi, maana zikiachwa nje mkanda huukokota mtandio ukatoka kichwani, na mwanamke anayeogopa kuvuliwa mtandio atalegeza mkanda. Wanawake waliniambia hilo. Mimi kwa akili yangu nisingelijua. Halafu namtafuta mama mmoja mwenye sauti, na kwenye kila boti yupo, namwomba, “Mama, nikagulie kina mama.” Yeye hupita akivuta mikanda bila huruma, na hakuna anayemkatalia.

Na wanaume? Hapa nitasema jambo litakalowaudhi wengine. Waliowahi kuanguka nikiwa naangalia, wengi ni wanaume. Mwanamke hutazama kabla ya kukanyaga, huuliza, hungoja wimbi lipite. Mwanamume wa miaka sitini, amekaa kwenye basi siku nzima, magoti yamekufa ganzi, huruka kama ana ishirini kwa sababu watu wanatazama na hakuna aliyemnyooshea chochote. Tumezoea kuona kwamba anayesaidiwa ni mwanamke, na mwanamume ndiye msaidizi, basi mzee wetu tunamwacha avunjike nyonga kwa heshima. Ukimwambia, “Mzee, nikushike?” umemwaibisha. Mimi humpa kazi: “Mzee, nishikie kamba hii boti isiondoke.” Anaishika kwa mikono miwili, kwa moyo wote, na akiwa ameishika anateremka salama. Kamba imemsaidia yeye, naye kweli amenisaidia mimi. Siyo uongo, boti kweli inahitaji kushikwa.

Wageni kutoka mbali wana shida ya aina nyingine. Mji wa kale wa Amu una vichochoro ambavyo gari halipiti, kwa hiyo kila mwenye mzigo anategemea mikono ya mtu asiyemjua: hamali, mwenye punda, kijana wa gati. Mgeni wa kike akiwa peke yake hunyakuliwa begi na vijana watatu kwa pamoja, wote wakisema “karibu, nakusaidia,” kisha mwisho wa njia inatajwa bei. Ile siyo ihsani, ni biashara, na biashara ni halali tukiisema kwa jina lake kabla mzigo haujainuliwa. Tusipoisema, yule mgeni hujifunza kumkatalia kila mwanamume wa pwani, na siku ngazi inateleza kweli atalikataa bega pia. Ukimwonyesha mtu njia vichochoroni, hasa mwanamke, tangulia mbele hatua kadhaa. Usimfuate nyuma. Na mgeni wa kiume anayemnyooshea mwenyeji wa kike mkono wa salamu, namweleza kando, kwa upole: weka kiganja kifuani mwako, inatosha, akitaka kukupa mkono atautoa yeye.

Yote haya hukoma mtu akiingia majini. Masheikh wametufundisha kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, na sijawahi kukutana na mama wa Amu aliyelipinga hilo akiwa anakunywa maji ya chumvi. Zima mashine kwanza. Mlete ubavuni mwa boti, mbali na rafadha. Usimvute kwa mkono, mkono huteleza. Shika jaketi lake mabegani, au mpitishie mikono chini ya makwapa, na uwe na mwenzako, kwani buibui lililoshiba maji ni zito kuliko unavyodhani. Sema naye muda wote. Mwambie ninakushika hapa, sasa nakuvuta.

Akishaingia botini, dharura imekwisha na stara imerudi, saa ile ile. Nguo imemganda mwilini, mtandio umekwenda na maji, na watu wote wanamtazama. Mabaharia wangu wanajua la kufanya: mmoja anatoa leso, yaani kanga, anaipitisha kwa mwanamke aliye karibu amfunike, na wanaume wote tunageuka tukatazama kisiwa cha Manda mpaka tuambiwe. Leso hiyo hukaa chini ya benchi la nyuma, ndani ya ndoo yenye kifuniko. Nimeitumia mara mbili katika miaka yote hii. Kila baada ya wiki mbili naitoa, naifua kwa maji yasiyo ya chumvi, naianika, naikunja upya na kuirudisha, kwa sababu unyevu wa chumvi huingia hata ndani ya ndoo.